Wodi ya Pili Inasikia

Damari aliinua jeli ya kipimo cha damu kwa mara ya nne, akaigeuza, akairudisha juu ya kioo chenye taa, akitumaini kwamba macho yake ndiyo yenye kosa. Macho hayakuwa na kosa. Mahali palipotakiwa kuwa na mistari miwili palikuwa na mitatu.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na dirisha la maabara lililoelekea mbuga ya Bahi lilikuwa limekwisha kujaa vumbi jeupe. Mwaka huo ulikuwa wa saba tangu mvua ya maana inyeshe. Nyuma ya ukuta wa maabara, katika wodi nne za Malalo ya Ndabala, watu mia nne na kumi walikuwa wamelala. Wengine walikuwa na miaka mitatu bila kufungua jicho. Hawakula, hawakunywa zaidi ya matone ya dripu, na mioyo yao ilipiga mara nne kwa dakika. Mvua ikirudi wangeamshwa, warudi kulima. Hiyo ndiyo ahadi waliyopewa na Mamlaka ya Ukame walipokuja kulala, wengi wao wakiwa wamebaki mifupa.

Usingizi huo uliazimwa kwa chura. Kuna chura mkubwa wa mbuga zile ambaye kiangazi kikianza hujifukia kwenye tope, tope likakauka naye akiwa ndani, akakaa humo hata miaka miwili. Siri yake iko kwenye jeni moja inayotengeneza kinasi, aina ya protini ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima protini nyingine ndani ya mwili. Jeni ni moja, lakini mwili unapoinakili hukata vipande na kuviunganisha upya, kama fundi cherehani anavyoweza kutoa shati au kaptula kwenye kitambaa kilekile. Ikiunganishwa kwa njia moja hutoka kinasi fupi, inayolaza. Ikiunganishwa kwa njia nyingine hutoka ndefu, inayoamsha. Watu wa Ndabala walipandikizwa jeni hiyo, na kila mwezi Damari alipima damu yao kuhakikisha kwamba fupi bado inatawala. Mstari mnene wa chini, mstari hafifu wa juu. Basi.

Mstari wa tatu ulikuwa katikati. Aliukuta kwa watu kumi na mmoja, wote wa wodi ya pili, wodi ya waliolala wa kwanza. Wa saba katika hao alikuwa kitanda namba kumi na nne, Mbeleje Lemanya, miaka sitini na miwili. Mama yake.

Alifungua jokofu akatoa sampuli za zamani za mama, akazipima mwezi baada ya mwezi akirudi nyuma. Hapo zamani, kila alipouona ukungu katikati ya mistari yake, alikuwa ameuandikia neno moja: uchafu. Sasa aliufuata ukungu huo hadi mwanzo wake. Ulianza miezi kumi na sita iliyopita.

Hakumwita Dokta Hagai, mkuu wa kituo. Kwanza alikwenda kwa vyura.

Chumba cha vyura kilikuwa mwisho wa korido, chenye giza na joto. Kwenye rafu kulikuwa na matofali thelathini na mawili ya tope kavu, kila tofali likiwa na chura wake ndani na waya mwembamba unaopeleka mapigo ya moyo kwenye kioo ukutani. Damari alikuwa na kumbukumbu ya jeli moja ya zamani sana, ya ubongo wa chura, iliyokuwa na ukungu uleule katikati. Nayo aliiandikia uchafu. Alisimama akajiuliza kwa nini kitu hicho kiwe kwenye ubongo wa chura na kisiwe kwenye mguu wala ini lake.

Alikuwa ameshika kikombe cha maji yake ya kunywa, posho ya asubuhi. Alipogeuka kikombe kiliinama, na matone matatu yakadondokea bati lililofunika rafu ya chini.

Mapigo thelathini na mawili yakaruka kwa pamoja.

Damari aliganda. Mistari kwenye kioo ikatulia tena. Aligonga bati kwa ukucha, hakuna kilichotokea. Akapiga makofi, akaburuta stuli sakafuni, kimya. Ndipo akainamisha kikombe na kuyaacha matone yaangukie bati moja moja, na mioyo yote ikaruka tena, ikaongeza kasi, kama watu waliosikia mlango ukibishwa. Hakuna tone lililogusa tofali hata moja.

Kwa hiyo chura hakungoja maji yamfikie. Mwili ulilala, lakini ile kinasi ya katikati ilikuwa imekiacha kipande kidogo cha ubongo kikiwa macho kazini, kikisikiliza. Bila hicho angejuaje kwamba mvua imekuja?

Akakiweka kikombe chini polepole. Kilichomjia kwanza hakikuwa sayansi. Kilichomjia ni kwamba kwa miaka mitatu, karibu kila siku saa sita mchana, alikuwa akila chakula chake kando ya kitanda namba kumi na nne, akimwamkia mama yake kwa Kigogo, kisha akizungumza.

*

Mama yake hakutaka kulala. Alilisema mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mbele ya mchungaji: kama ni kufa, atakufa akiwa macho, akijua ni Jumatatu au Jumanne. Kisha ikaja homa, akawa hajitambui, na uzito wake ulikuwa kilo thelathini na moja. Damari alichukua kidole gumba cha mama yake, akakichovya kwenye wino, akakikandamiza kwenye fomu ya ridhaa. Chini akatia sahihi yake yeye kama msemaji.

Hakumwambia mtu yeyote. Ila miezi kumi iliyopita, siku moja ya joto, huku akitafuna ugali mkavu, alimweleza mama yake jambo lote tangu mwanzo hadi mwisho. Alimweleza kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikia.

Sasa alisimama mlangoni mwa wodi ya pili. Vitanda zaidi ya mia, mashuka ya kijivu, na sauti ya mashine za moyo zikilia kila moja kwa zamu yake. Alikwenda hadi namba kumi na nne. Uso wa mama ulikuwa kama alivyouzoea, umekunjamana na kutulia, kope zimebandikwa kwa plasta laini zisikauke.

Aliweka jicho kwenye saa. Pigo. Sekunde kumi na tano. Pigo. Sekunde kumi na tano. Pigo.

"Anastazia," alisema, jina la kubahatisha tu. Sekunde kumi na tano. Pigo.

"Rehoboamu." Sekunde kumi na tano. Pigo.

"Mbeleje," alisema.

Pigo lilikuja papo hapo, na la pili likalifuata kabla hajavuta pumzi.

Damari alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda, asiweze kuinua uso wake.

*

Dokta Hagai alizitazama jeli moja moja, akazipanga mezani kama anayepanga karata. Hakushangaa. Hilo ndilo lililomwogopesha Damari.

"Ulijua," alisema.

"Tangu mwezi wa nne. Kituo kingine kiliona kabla yetu." Hagai alikuwa mtu mrefu aliyepinda mgongo, mwenye kusema polepole. "Kesho saa tisa alasiri anakuja Mkaguzi Mndolwa kutoka makao makuu. Analeta kizibo."

"Kizibo ni nini?"

"Kipande kifupi cha kemikali. Kinakwenda kukaa palepale ambapo mwili hukata ili kuunda hiyo ya katikati, unashindwa kukata. Mstari wako unafutika."

"Na mtu?"

"Analala kikwelikweli. Hasikii kitu."

"Kuamka je?"

Hagai alitazama mikono yake. "Kwa vyura, mmoja kati ya watano hakuamka tena."

"Na tukiwaamsha sasa, kwa dawa tuliyonayo?"

"Moyo ulioamka nusu haupendi kusukumwa. Mmoja kati ya wanne hufa mezani." Alivuta droo akatoa fomu. "Wewe ni msemaji wa mama yako. Nataka sahihi yako kabla ya kesho, sitaki upate taabu mbele ya mkaguzi."

"Dokta, wanatusikia. Tuwaulize wenyewe."

"Aliyelala hana kauli, Damari. Ndivyo sheria ilivyo, na ndiyo maana ana msemaji."

"Sheria iliandikwa na watu waliodhani hawasikii."

"Vituo tisa," Hagai alisema. "Watu elfu nne. Ndugu zao wakipata habari hii watavunja milango, watawabeba migongoni, na wengi watawafia njiani. Watakaofika salama watakula nini? Unaiona mbuga hapo nje. Mimi sikuificha kwa ukatili."

"Sikusema ni ukatili."

"Mke wangu yuko wodi ya nne. Unajua kwamba sampuli yake huwa ninaipima mwenyewe." Alizikusanya jeli, akaziweka moja juu ya nyingine. "Miezi mitatu sasa sijaipima."

Damari aliichukua fomu ile. Chini, pembeni pa nafasi ya sahihi, palikuwa na mraba mdogo wa kuwekea alama ya kidole cha mgonjwa, kwa asiyejua kuandika. Aliikunja mara mbili akaitia mfukoni.

*

Jumatano saa moja asubuhi aliingia wodi ya pili, akafunga mlango na kusimama katikati ya vitanda. Aliinua sauti ifike vitanda vyote.

"Mimi ni Damari, wa maabara. Binti wa Mbeleje. Najua baadhi yenu mnanisikia. Sikujua mpaka jana. Ningejua mapema ningekuja mapema, na ninaomba radhi kwa yote mliyoyasikia humu mkidhaniwa hampo."

Mashine ziliharakisha, moja huku, moja kule. Watu kumi na mmoja. Damari aliwaambia ni mwaka gani, na kwamba mvua bado. Aliwaambia nani anakuja saa tisa na analeta nini. Aliwaambia hatari ya kizibo na hatari ya kuamshwa, bila kupunguza wala kupamba.

"Nitawapitia mmoja mmoja," alisema. "Nikikuuliza na jibu lako ni ndiyo, fikiria unatwanga. Shika mchi, twanga kwa nguvu zako zote, usipumzike mpaka nikwambie. Jibu likiwa hapana, tulia. Kisha nitaligeuza swali nikuulize tena, nisije nikakusikia vibaya."

Alianza kitanda cha tatu, kwa mama mmoja wa Chikopelo aliyelala na wanawe wawili kando yake. Unataka kizibo? Damari alihesabu dakika nzima kwa saa yake ya mkononi. Mapigo saba. Akaligeuza: sasa twanga kama hukitaki. Mapigo manne, yaliyotulia. Yule mama alitaka kulala asisikie, na Damari aliandika hivyo, ingawa mkono wake ulisita juu ya karatasi. Alikuwa amekuja akitarajia kwamba kila mtu angetaka kutoka.

Sita walitaka kizibo. Watatu walijibu mara ya kwanza hivi na mara ya pili vile, akaandika kwamba hawajaamua na kwamba asiwaguse mtu. Kitanda cha ishirini alikuwa Mwalimu Eliakimu, aliyemfundisha Damari hesabu darasa la nne.

"Shikamoo, Mwalimu. Wewe sidhani kama uliwahi kushika mchi. Fikiria baiskeli yako, unapanda nayo kile kilima cha kanisani."

Unataka kuamshwa? Mapigo yalikuja manane. Akaligeuza swali. Manne.

"Rudia la kwanza," ilisema sauti nyuma yake.

Dokta Hagai alikuwa ameingia bila yeye kusikia. Alikuwa ameshika saa yake mkononi. Damari aliuliza kwa mara ya tatu, na wote wawili wakasimama wakihesabu kimoyomoyo mpaka dakika ikaisha.

"Tisa," Hagai alisema.

"Tisa," Damari alisema.

Hagai alimtazama mzee yule. Kisha akatoa ufunguo wa kabati la dawa mfukoni, akauweka juu ya kimeza cha kitanda na kuondoa mkono wake. "Umri wake ni sabini na moja," alisema. "Anajua kuhesabu kuliko sisi. Kama amechagua hatari ya mmoja kati ya wanne, ameielewa."

Saa tatu na dakika kumi walifungulia dawa ya kuamsha kwenye dripu yake. Waliiita maji ya mvua, jina la mzaha la tangu kituo kilipofunguliwa. Hagai alikuwa upande wa kushoto, Damari kulia, wakimsugua mikono na miguu damu irudi. Moyo ulipanda hadi kumi, ishirini, arobaini. Midomo ikapata rangi. Damari alimbandua plasta kwenye kope, na saa tano kasoro Mwalimu Eliakimu akafungua macho. Yalizunguka, yakapita juu ya uso wa Damari, yakafika dirishani na kukaa hapo, kwenye ule mwanga mkali wa vumbi. Mdomo wake ulisogea.

Halafu mashine ikapoteza mpangilio.

Hagai alipanda kitandani akaanza kumkandamiza kifua, akihesabu kwa sauti. Damari alichoma sindano ya kwanza, akachoma ya pili. Dakika kumi na moja. Katika wodi nzima mashine nyingine zilikuwa zikilia kwa kasi, zile kumi, kwa sababu wenye nazo walikuwa wakisikia kila kitu na hawana mahali pa kwenda.

"Acha," Damari alisema mwishowe. "Dokta. Acha."

Walimfunika kwa shuka lake. Hagai alikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu jirani, jasho likimtiririka, akitweta.

"Yatosha sasa," alisema. "Mama yako usimuulize. Umeona."

"Bado hajaulizwa. Nilimwacha wa mwisho."

"Basi mwache asiulizwe. Tia sahihi ya kizibo, alale. Hakuna atakayekulaumu."

Kwa dakika kadhaa Damari aliitaka sana njia hiyo. Fomu ilikuwa mfukoni, kalamu ilikuwa mfukoni. Mmoja kati ya watano ni afadhali kuliko mmoja kati ya wanne, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Na mama angenyamaza tena. Yaani angekoma kusikia. Na yeye, Damari, angeweza kuendelea kuja saa sita na kula chakula chake bila kuogopa.

Alipolitambua hilo la mwisho, aliinuka akaenda kitanda cha kumi na nne.

"Mbukwenyi, mama," alimwamkia. Mapigo yaliharakisha. "Umesikia yaliyompata Mwalimu. Alifungua macho, aliliona dirisha, kisha moyo ukakataa. Inaweza kukupata na wewe. Sitakuficha." Alishika kitambaa cha shuka badala ya mkono wa mama, mkono hakuthubutu kuushika. "Yale niliyokwambia mwaka jana kuhusu kidole chako ni kweli. Ulisema hapana, nami nikaandika ndiyo. Leo nitaandika utakachosema wewe. Unataka kizibo? Kama ni ndiyo, twanga."

Nne. Mapigo yaliyotulia, yenye nafasi sawa.

"Unataka kuamshwa?"

Saba.

Aliligeuza swali. Twanga kama unataka kuachwa. Nne. Ilikuwa inatosha, lakini aliuliza mara ya tatu kama anataka kuamshwa, na alijua kabisa kwamba anauliza kwa sababu jibu hakulipenda.

Kumi na moja. Mashine ililia kama mtu anayetwanga kwa hasira.

Damari alikwenda kabatini. Hagai hakumzuia. Alipoona mikono ya Damari inashindwa kufungua kifuniko cha chupa, alimpokonya taratibu, akaifungua yeye, akamrudishia. "Kuunganisha uunganishe wewe," alisema. "Ni mama yako."

Ilikuwa saa sita kamili. Safari hii walipunguza kasi ya matone kwa nusu. Hakuna aliyejua kama kupunguza huko kungesaidia. Moyo ulichukua saa nzima kufika kumi na mbili. Ulifika ishirini, ukarudi kumi na tano, na Damari akashika sindano juu ya mshipa bila kuichoma, akingoja, huku jasho likimwingia machoni. Ukapanda tena. Thelathini. Saa nane na robo, arobaini na nne. Karibu na hapo ndipo moyo wa Mwalimu ulipopoteza mpangilio. Arobaini na sita. Hamsini. Hamsini. Hamsini na mbili.

Saa nane na nusu mama yake alikunja uso, kama anayesumbuliwa na nzi.

Damari alibandua plasta. Macho yalikuwa mekundu na makavu. Yalimtafuta, yakampata.

"Maji," mama alisema. Ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti.

Alimnywesha kwa pamba, tone kwa tone. Mama alimeza, akapumzika, akameza tena. Hagai alipima shinikizo la damu, akaitikia kwa kichwa, kisha akachukua sindano tupu na kichupa cha sampuli kutoka kwenye sinia, akatoka. Walisikia hatua zake zikielekea wodi ya nne.

"Kidole changu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hujui. Miezi yote hiyo nimekaa nayo, sina mahali pa kuiweka." Alipumzika ili apate pumzi ya kuendelea. "Kuna wakati hukuja. Siku nyingi."

"Niliumwa. Wiki mbili."

"Hakuna aliyeniambia. Watu walipita, wakafagia, wakaongea habari zao. Nikasema mwanangu amekufa." Alifumba macho, akayafumbua. "Nikaitafuta ile hasira siku hizo, sikuiona. Uliporudi, ikarudi."

Mama alisogeza mkono wake juu ya shuka, kiasi cha upana wa kiganja, zaidi ya hapo nguvu hazikuwepo. Damari aliuchukua.

Mkaguzi Mndolwa aliingia saa tisa kasorobo. Alikuwa mtu mpole wa umri wa makamo, mwenye miwani na suti iliyochafuka kwa vumbi la safari, na alibeba kisanduku cha barafu kwa uangalifu kama anayebeba mayai. Alianza kusalimia, kisha akamwona mgonjwa mwenye macho wazi. Akaliona na shuka lililofunika kitanda cha ishirini. Aliweka kisanduku sakafuni.

"Dokta Hagai yuko wapi?"

"Wodi ya nne, anachukua sampuli," Damari alisema, akasimama.

"Nani alitoa ruhusa ya kumwamsha huyu?"

Damari alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi. Alifungua mdomo.

"Mimi," mama yake alisema.

Mkaguzi aligeuka. Hakuwa amezoea kujibiwa kutoka kitandani. Alivuta fomu kutoka kwenye mkoba wake, akatazama fomu, akamtazama mwanamke yule aliyelazwa, mwembamba, ngozi imemkauka kama gome, akimkazia macho.

"Mama, pole. Wewe ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala. Nikaulizwa, nikajibu."

"Na yule?" Alielekeza kalamu kwenye kitanda cha ishirini, akiwa ameshusha sauti. "Yule naye nani alimruhusu?"

"Alijiruhusu mwenyewe. Aliulizwa mara tatu. Nilisikia akiulizwa, na nilisikia mashine yake ikijibu." Alingoja pumzi irudi. "Hao wengine nao wamejibu, binti yangu ameandika. Wapo waliokitaka hicho ulichokuja nacho, wape. Wapo waliosema bado. Hao usiwaguse. Ninawajua wote, nimelala nao humu miaka mitatu."

Vitanda kadhaa vililia kwa haraka, vikatulia. Mkaguzi alivisikia. Alivitazama kimoja baada ya kingine, safu nzima, na Damari aliona jinsi alivyokuwa akisimama tofauti sasa, kama mtu aliyegundua kwamba chumba alichoingia kina watu.

Kisha aliangalia fomu yake tena, akaipitia juu hadi chini kwa ncha ya kalamu. Palikuwa na nafasi ya msemaji, nafasi ya daktari, nafasi ya mkaguzi; mgonjwa alikuwa na ule mraba wa kidole tu, hapakuwa na mahali pa maneno yake. Alipofika chini aliigeuza karatasi upande wa pili, uliokuwa mweupe, akaiweka juu ya goti lake na kuketi kando ya kitanda namba kumi na nne.

"Nitajie jina lako kamili, mama," alisema. "Halafu tuanze na huyo Mwalimu."